Wimbo mmoja, namba mbili

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo kama punje ya mtama, lakini ndani yake mna chakula cha watu wengi. Jambo lenyewe ni namba. Si namba za bahati nasibu wala za simu, bali namba zinazopewa nyimbo ili zitambulike popote zinapopita duniani, na ili aliyezitunga na aliyeziimba wapate haki yao.

Tuanze na swali. Mtu akikuambia, "Nipigie Malaika," amekuomba nini hasa? Amekuomba ile ya Fadhili William, aliyoirekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960? Au ile ya Miriam Makeba na Harry Belafonte, iliyomo katika santuri yao ya mwaka 1965? Au ya kikundi cha Boney M ya mwaka 1981? Au ya Angélique Kidjo wa Benin, ya mwaka 1991? Lahani ni ileile, na maneno kwa sehemu kubwa ni yaleyale, lakini sauti ni mbalimbali, vyombo ni mbalimbali, na waliogharamia studio ni mbalimbali. Wimbo ni mmoja, rekodi ni nyingi.

Hapo ndipo penye fundo la mazungumzo yetu. Katika lugha yetu ya kila siku neno "wimbo" hubeba vitu viwili kwa pamoja, na sheria ya hakimiliki inavitenganisha. Cha kwanza ni utunzi, yaani lahani na maneno yaliyotoka kichwani mwa mtunzi. Cha pili ni rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku fulani, studio fulani, na watu fulani. Utunzi ni mapishi. Rekodi ni sinia lililokwisha kupakuliwa. Mapishi ni mamoja, masinia yaweza kuwa mia. Kila sinia likiliwa, mwenye mapishi ana fungu lake, na aliyepika siku ile naye ana fungu lake.

Haki ya mtunzi ndiyo iliyotangulia kudaiwa. Wafaransa hupenda kusimulia kisa cha mwaka 1847 mjini Paris. Mtunzi mmoja jina lake Ernest Bourget aliketi na wenzake, Paul Henrion na Victor Parizot, katika mkahawa mashuhuri ulioitwa Ambassadeurs. Bendi ya mkahawa ikapiga muziki wao. Ilipoletwa hesabu ya vinywaji, Bourget akagoma kulipa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ninyi mmetumia kazi yetu bila kulipa, nasi tumetumia viti na vinywaji vyenu, basi tumelipana. Shauri likafika mahakamani, na watunzi wakashinda. Mwaka 1851 kikaanzishwa chama cha SACEM, cha kukusanya malipo kwa niaba ya watunzi, na chama hicho kipo mpaka leo. Mwaka 1886 ukafuata Mkataba wa Berne, uliozifanya nchi zilindiane kazi za waandishi na watunzi wao. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994. Yaani sisi tulifika karamuni zaidi ya miaka 100 baada ya sahani kupangwa.

Mwaka 1926 vyama vya watunzi viliungana kimataifa katika shirikisho la CISAC, lenye makao yake Ufaransa. Kwa upande wa pili, makampuni ya santuri nayo yaliunda shirikisho lao, IFPI, katika mkutano uliofanyika Italia mwaka 1933. Tuyashike majina haya mawili, CISAC ya watunzi na IFPI ya wenye rekodi, kwa sababu tutayakuta tena mbele.

Sasa tuje kwenye santuri zenyewe. Wazee wenye santuri za zamani nyumbani wazitazame vizuri pale mwimbo wa sindano unapokwisha, karibu na karatasi ya katikati. Wataona namba imechorwa kwenye sahani yenyewe. Zamani sauti ilinaswa kwenye sahani ya nta, na fundi aliiandikia nta ile namba yake. Kama mwimbaji amerudia wimbo mara mbili au tatu mpaka akaupata sawasawa, kila mara ilipewa alama yake, ili kiwandani wajue ni ipi iliyokubaliwa. Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, waliingia katika utaratibu huo wa namba. Kwa hiyo wazo la kuipa kila rekodi namba si geni hata kidogo. Limetangulia kompyuta kwa miaka mingi.

Taabu ilikuwa moja. Kila kampuni ilikuwa na namba zake. Namba ya kampuni hii ingeweza kufanana na ya kampuni ile, na rekodi ileile ikiuzwa katika nchi mbili ingeweza kubeba namba mbili. Sisi tulio redioni tunaujua vizuri mkanganyiko huo. Katika maktaba ya santuri huwezi kutegemea jina la wimbo peke yake. Hesabu mwenyewe nyimbo unazozifahamu zinazoitwa "Mama", au "Mapenzi", au "Dunia". Huwezi kutegemea jina la bendi pia, maana bendi hubadilisha jina, wanamuziki huhama, na mwandishi wa kadi huandika kama alivyosikia. Kadi moja itasema Fadhili William, nyingine Fadhili Williams, nyingine W. Fadhili. Mtu ni mmoja, lakini kwa karani wa London au Paris anayegawa fedha, hao ni watu watatu, na hakuna hata mmoja anayelipwa.

Dunia ya vitabu ilikwisha kupata dawa yake. Tangu mwaka 1970 kulikuwa na kanuni ya kimataifa ya namba za vitabu, ISBN, ile unayoiona nyuma ya jalada. Muziki ukafuata njia hiyohiyo. Mwaka 1986 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kanuni namba 3901, iliyoanzisha msimbo wa kimataifa wa rekodi, unaojulikana kwa kifupi kama ISRC. Mwaka 1989 kazi ya kuusimamia ikakabidhiwa IFPI, lile shirikisho la wenye rekodi.

Msimbo huo una herufi na tarakimu 12. Tuchukue mfano wa kubuni: TZ-ABC-24-00017. Herufi mbili za kwanza zilikusudiwa kuonyesha nchi ambako msimbo umetolewa, TZ kwa Tanzania, KE kwa Kenya, na kadhalika. Tatu zinazofuata ni za mwenye kuandikisha, yaani kampuni, studio au mwanamuziki mwenyewe. Mbili zinazofuata ni mwaka. Tano za mwisho ni namba ya rekodi yenyewe katika mwaka huo. Kwa hiyo mwandikishaji mmoja anaweza kutoa misimbo 100,000 kwa mwaka mmoja, na sijui studio gani ya Kariakoo au River Road itakayoimaliza!

Masharti yake ni machache lakini ni makali. Rekodi moja, msimbo mmoja, maisha yake yote. Ukiihamisha kutoka kanda kwenda sidii, na kutoka sidii kwenda kwenye simu, msimbo haubadiliki. Ukiiweka katika albamu nyingine ya nyimbo teule, haubadiliki. Ukiiuza kwa kampuni nyingine, bado ni uleule, kama mtoto asivyobadili tarehe ya kuzaliwa kwa kuhama nyumba. Lakini ukiurekodi wimbo upya, ukaupiga jukwaani mbele ya watu ukanaswa, au ukauchanganya upya na kuutoa rimiksi, hiyo ni rekodi mpya na inataka msimbo mpya.

Hapa pana mitego miwili inayowanasa wengi. Wa kwanza ni zile tarakimu za mwaka. Zinaonyesha mwaka msimbo ulipotolewa, si mwaka wimbo ulipoimbwa. Santuri ya mwaka 1928 ikiingizwa kwenye kompyuta leo na kupewa msimbo, itabeba mwaka wa leo. Anayedhani atausoma umri wa rekodi humo atampa bibi kizee umri wa mjukuu wake. Mtego wa pili ni herufi za nchi. Vijana wetu wengi hupeleka nyimbo zao kwenye maduka ya intaneti kupitia mawakala wa ng'ambo, na wakala ndiye anayetoa msimbo. Ndiyo maana utakuta wimbo uliopikwa Sinza au Eastleigh una msimbo unaoanza na QZ, herufi zilizotengwa kwa Marekani. Kanuni ilipoandikwa upya mwaka 2019, herufi tano za mwanzo zilichukuliwa kuwa kitu kimoja cha kumtambulisha mwandikishaji, bila kudai kuwa zinaonyesha asili ya muziki.

Hiyo ni namba ya sinia. Namba ya mapishi nayo je? Watunzi, kupitia CISAC, walitengeneza ya kwao, ISWC. Huanza na herufi T, kisha tarakimu tisa, kisha tarakimu moja ya kukagulia. Ya kwanza kabisa ilitolewa mwaka 1995, na iliangukia wimbo wa Dancing Queen wa kundi la ABBA la Sweden. Ni T-000.000.001-0. ISO iliithibitisha kuwa kanuni ya kimataifa, namba 15707, mwaka 2001.

Ile tarakimu ya mwisho ina kazi nzuri, na wanafunzi wanaopenda hesabu wanaweza kuijaribu wenyewe. Anza na 1. Chukua tarakimu ya kwanza uizidishe kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 3, hivyo hivyo mpaka ya tisa kwa 9. Jumlisha zote. Tarakimu ya mwisho ni ile inayotakiwa kuongezwa ili jumla iishie na sifuri. Kwa Dancing Queen, nane za kwanza ni sifuri tupu, na ya tisa ni 1. Moja mara tisa ni tisa, ongeza ile 1 ya mwanzo, unapata 10. Jumla tayari imeishia na sifuri, hivyo tarakimu ya mwisho ni 0. Karani akikosea kuandika, mara nyingi hesabu hukataa na kosa huonekana. Msimbo wa rekodi, ISRC, hauna kinga hiyo. Ukikosea herufi moja umekosea.

Kuna tofauti nyingine kubwa zaidi. ISRC waweza kuipata mwenyewe ukishaandikishwa, ukaigawa kwa rekodi zako bila kumwuliza mtu. ISWC haitolewi hivyo. Hutolewa kupitia vyama vya watunzi, na haitolewi mpaka watunzi wa wimbo wawe wametajwa, pamoja na kazi ya kila mmoja: nani lahani, nani maneno, nani mpangaji wa vyombo. Watunzi wenyewe nao wana namba zao katika orodha ya kimataifa inayotunzwa na chama cha Uswisi, SUISA, ili yule Fadhili wa kadi tatu arudi kuwa mtu mmoja.

Mpaka hapa mtu atasema, basi mambo yamekwisha, kila kitu kina namba, haki itatendeka. La hasha. Namba haina macho. Namba hubeba kile kilichoandikwa kwenye fomu, kiwe kweli au uongo.

Tumkumbuke Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 aliingia studio ya Gallo mjini Johannesburg na kikundi chake cha Evening Birds, wakaimba Mbube, yaani simba. Haki zake aliiuzia kampuni hiyo kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari. Wamarekani wakauita Wimoweh, na mwaka 1961 kikundi cha The Tokens kikautoa kwa maneno mapya ya Kiingereza, The Lion Sleeps Tonight, na majina ya Wamarekani watatu yakaandikwa mahali pa watunzi. Dunia nzima ikauimba. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mwaka 1994 wimbo ukaingia katika filamu ya The Lion King. Ndipo warithi wake walipokuja kufungua kesi mwaka 2004, wakisaidiwa na kifungu cha sheria ya zamani ya Uingereza kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 2006 yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa fungu lao na kumtambua Linda.

Sasa jiulize. Kama ISWC ingalikuwapo mwaka 1961, ingalimwokoa Solomon Linda? Isingalimwokoa. Ingaliandikwa kwa majina yaliyokuwa kwenye fomu, na kompyuta ingalizigawa fedha kwa uaminifu mkubwa kwa watu wasiostahili. Kwa upande wetu, Malaika yenyewe ina mgogoro wake. Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, ndiye aliyetambuliwa na wengi kuwa mtunzi. Lakini Adam Salim naye alidai kwamba aliutunga yeye mwaka 1945, na yakatajwa majina mengine pia. Hakuna namba itakayotukatia shauri hilo. Shauri hilo lingekatwa na karatasi yenye tarehe, na karatasi haikuwepo.

Jambo la pili lisilotimia ni ndoa ya namba hizi mbili. ISRC na ISWC hazifanani, na ukiitazama moja huwezi kuijua nyingine. Ni lazima mtu aandike mahali fulani kwamba rekodi hii ni ya utunzi huu. Wimbo ukipigwa kwenye intaneti, duka huhesabu kwa msimbo wa rekodi. Mwenye rekodi hupata chake. Lakini kama hakuna aliyeiunganisha rekodi ile na utunzi wake, fungu la mtunzi hubaki likielea. Kulikuwa na jitihada ya kujenga daftari moja la dunia la tungo zote, ikavunjika mwaka 2014 baada ya vyama kushindwa kukubaliana. Ukubwa wa tatizo ulionekana Marekani. Sheria ya mwaka 2018 ilianzisha chombo kipya cha kuwalipa watunzi, na mwaka 2021 makampuni ya muziki wa intaneti yalikikabidhi dola milioni 424, fedha za miaka iliyopita ambazo wenyewe hawakuwa wamepatikana. Dola milioni 424, ndugu msikilizaji! Si kwamba nyimbo hazikupigwa. Zilipigwa, zikahesabiwa, fedha zikatengwa. Kilichokosekana ni jina.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la mafundi wa kompyuta peke yao. Kenya ilikuwa na chama cha hakimiliki za muziki, MCSK, tangu mwaka 1983. Tanzania iliunda COSOTA kwa sheria ya mwaka 1999, ambayo baadaye, mwaka 2022, ikawa Ofisi ya Hakimiliki. Manung'uniko juu ya ukusanyaji na ugawaji wa mirabaha ni mengi, na mengine yana haki. Lakini hata ofisi safi kuliko zote duniani haiwezi kumlipa mtu ambaye hakuandikwa. Na hapa wanamuziki wetu nao wana sehemu yao. Kijana atatumia fedha nyingi kwa video na mavazi, lakini siku ya kujaza fomu atamwachia rafiki, au wakala, au fundi wa studio. Mpiga gitaa aliyebuni lile shambulio linalowainua watu vitini hatajwi. Aliyeandika ubeti wa pili hatajwi. Wimbo ukivuma ndipo ugomvi unapoanza, na wakati huo maji yamekwisha kumwagika.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanamuziki ni huu. Kabla ya kutoka studio, andikeni kwenye karatasi moja nani katunga nini na kwa fungu gani, wekeni tarehe, tieni sahihi wote. Utunzi uandikishwe kwenye chama cha watunzi. Rekodi ipewe msimbo mmoja, na msimbo huo utunzwe kama hati ya kiwanja. Ukihama kutoka kwa wakala mmoja kwenda mwingine, nenda nao. Wengi hawafanyi hivyo. Wakala mpya huipa rekodi msimbo mpya, na kuanzia siku hiyo hesabu ya wimbo mmoja hugawanyika mara mbili, kama duka moja lenye madaftari mawili. Kisha hakikisheni kwamba rekodi na utunzi vimeunganishwa.

Na kwa watoto na wajukuu wa wanamuziki wa zamani, ushauri ni kutafuta. Mikataba ya baba, santuri zenye namba zilizochorwa, barua za kampuni, picha za siku ya kurekodi, msivitupe mnapohama nyumba. Nyimbo za miaka ya 1950 na 1960 zinaingizwa kwenye kompyuta na kupewa namba mpya, nyingi zikifanyiwa hivyo na watu wa mbali. Namba hizo zitadumu kuliko sisi. Anayejaza fomu leo ndiye anayeamua ni jina la nani litakalosomwa na mashine miaka 50 ijayo. Linda alikuwa na binti zake wa kumdai. Wapo wazee wengi wa dansi na taarabu ambao hakuna aliyekwenda kuwadai.

Mpaka wiki ijayo, majaaliwa, nawatakia usikilizaji mwema wa muziki, na mkimsikia mtangazaji akitaja jina la mtunzi baada ya wimbo, msimwone anapoteza muda.